Kitambulisho ni Shahada: Mazungumzo ya Mzee na Kijana

Katika kata ya Kalangalala, iliyo katikati ya mji wa Geita, hupita kutwa watu wa kila kabila na kila kazi: wachimbaji watokao Mgusu na vumbi la mawe nguoni mwao, wanunuzi wa dhahabu, akina mama wauza samaki wa ziwani, na madereva wa bodaboda wasiojua kutulia. Humo anakaa mzee mmoja, karani mstaafu wa mahakama ya mwanzo, mzaliwa wa Pangani aliyeletwa Usukumani na kazi na akazuiliwa huku na wema wa watu wake. Na barazani pake vijana huja kumuuliza mambo ya sheria na ya serikali, naye hawachoki. Jioni moja alijiwa na kijana mchimbaji, na mazungumzo yao yalikuwa hivi.

KIJANA: Shikamoo, babu.

MZEE: Marahaba, mjukuu wangu. Karibu uketi. Habari za duarani, huko shimoni mnakochimba?

KIJANA: Duarani ni kwema, babu, ila mimi mwenyewe nimekwama. Wenzangu wanaunda kikundi ili waombe leseni ya uchimbaji mdogo, nami nimeambiwa siwezi kuandikwa pasipo namba ya NIDA. Benki wameniambia hayo hayo. Hata laini ya simu ninayoitumia imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine, maana miye sina namba wala kadi, ilhali nina miaka 23. Nimekuja unieleze kitambulisho hiki ni kitu gani, hata asiyekuwa nacho akawa hahesabiwi miongoni mwa watu.

MZEE: Swali lako lina haki ya kujibiwa kwa utaratibu, basi tulianze mwanzo wake. Sheria ya Usajili na Utambuzi wa Watu ilitungwa mwaka 1986, nayo ni Sheria Namba 11 ya mwaka huo. Lakini sheria ilikaa vitabuni miaka mingi bila ya chombo cha kuitekeleza, mpaka mwaka 2008 ilipoundwa Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, ambayo watu wote siku hizi huiita NIDA, na mwezi wa Februari 2013 Rais Kikwete akazindua utoaji wa kadi zenyewe. Mamlaka hiyo huwasajili watu waliotimiza miaka 18, nao ni wa namna tatu: raia, wageni wakaazi, na wakimbizi, kila namna na kadi yake. Kwa hiyo ulipofika miaka 18 mlango ulikuwa wazi kwako, nawe ukapita mbele yake miaka mitano bila ya kubisha hodi.

KIJANA: Nakiri, babu. Lakini nikwambie la moyoni. Babu yangu mzaa baba alikwenda Tanga enzi za Mwingereza kukata mkonge, akawa manamba. Alikuwa akitusimulia jinsi mtu alivyopewa namba na kadi ya kazi, akaitwa kwa namba hiyo badala ya jina alilopewa na wazazi wake. Ndiyo sababu nyumbani kwetu watu hawapendi kuandikwa-andikwa.

MZEE: Babu yako alisema kweli, nami nakuthibitishia, kwani nimezaliwa katika nchi ya mkonge na niliwaona Wasukuma na Wanyamwezi wakishushwa huko kwa malori. Mtu alipewa kipande chenye nafasi za siku 30, na kila siku aliyotimiza kazi iliandikwa, na mpaka zitimie zote ndipo alipohesabiwa kuwa amefanya mwezi. Jirani zetu wa Kenya walipata makubwa zaidi, kwani huko, baada ya Vita Vikuu vya kwanza, kila mwanamume Mwafrika aliyefika umri wa kazi alilazimishwa kuchukua kipande chenye alama za vidole vyake na habari za waajiri wake, akakivaa shingoni ndani ya kibweta cha bati. Na mtu asiye Mwafrika hakutakiwa kuvaa kitu hicho. Harry Thuku, mtetezi wa haki za Waafrika huko, na wenziwe walisimama kukipinga, na hatimaye mwaka 1947 ikatungwa sheria nyingine ya kuwaandika watu wa rangi zote. Kwa hiyo chuki ya babu yako ilikuwa na msingi, wala si ujinga.

KIJANA: Basi hiki cha leo kina tofauti gani na kile?

MZEE: Tofauti ni kubwa, mradi sisi wenyewe tuilinde. Kipande kilimtumikia bwana ili amjue mtumishi wake amefanya siku ngapi na asimtoroke. Kitambulisho cha taifa kimewekwa ili mwananchi aweze kusema mbele ya yeyote, awe hakimu, mwenye benki au ofisa wa madini, kwamba mimi ni fulani bin fulani, na nina haki katika nchi hii. Kile kilishuhudia kazi uliyomfanyia mwingine. Hiki ni shahada ya nafsi yako. Lakini shikilia jambo moja ambalo wengi hulikosea: kadi hii haikupi uraia. Uraia unatoka katika Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, kwa kuzaliwa, kwa kurithi, au kwa tajnisi, yaani kuuomba na kupewa. Umewahi kuingia katika soko la dhahabu hapa mjini, lile lililofunguliwa Machi 2019?

KIJANA: Nimeingia mara nyingi, babu, na tajiri yangu.

MZEE: Je, mizani ya pale huzaa dhahabu?

KIJANA: Haizai, babu. Huipima tu iliyoletwa.

MZEE: Ndivyo kilivyo kitambulisho. Hakiumbi kisichokuwapo, bali hukithibitisha kilichopo. Na ukileta cha uongo, ubaya hauko kwenye mizani, uko kwako uliyeleta. Kwa hiyo kazi kubwa ya kupata kitambulisho haiko katika mashine, iko katika ukweli wa maneno unayoyaandika na katika watu watakaokushuhudia.

KIJANA: Nimeelewa. Basi nifundishe njia yake, hatua kwa hatua.

MZEE: Kwanza kusanya hati zako. Iliyo bora ni cheti cha kuzaliwa kinachotolewa na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo. Kisha vyeti vya shule, kadi ya mpiga kura, leseni ya udereva, kadi ya bima ya afya au namba ya mlipa kodi, chochote ulicho nacho katika hivyo. Na hati za wazazi zikipatikana zina msaada mkubwa. Pili, jaza fomu ya maombi, ama ofisini kwa NIDA hapa wilayani, ama kwa njia ya mtandao ukiwa na simu nzuri na mtu wa kukuongoza. Tatu, peleka fomu kwa viongozi wa mtaa unaoishi ili waigonge muhuri, kwa kuwa wao ndio wanaosema: huyu tunamjua, anakaa kwetu. Kisha ndipo uende ofisini ukapigwe picha, ukachukuliwe alama za vidole vyote kumi, na ukatie saini.

KIJANA: Hapo pana maneno mawili, babu. La kwanza ni jina. Cheti changu cha shule ya msingi kinasema Emmanuel Mabula, lakini kadi ya kliniki inasema Mabula Shija, na kanisani nimeandikwa kwa namna ya tatu. Wote hao ni mimi.

MZEE: Hilo ndilo linalowasumbua watu wengi wa huku kuliko jambo lolote. Mtoto huzaliwa wakati wa masika akaitwa Mabula, au akafuata mapacha akaitwa Shija, na majina hayo yana heshima yake. Kisha akabatizwa jina jingine, na mwalimu wa darasa la kwanza akaandika alilolisikia, na hapana aliyekaa chini akayapatanisha. Shauri langu ni hili: usiandike jina lolote katika fomu mpaka umeziweka hati zako zote mezani na kuona ipi ina nguvu zaidi, aghalabu cheti cha kuzaliwa, kisha ufuate hiyo, na zile zinazopingana nayo uzirekebishe kwa kiapo mbele ya hakimu au wakili, au kwa hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Ukisahihisha kabla ya kusajiliwa ni kazi ya siku chache. Ukisahihisha baadaye, utaitwa kueleza katika kila ofisi kwa nini cheti kinasema hivi na kitambulisho kinasema vile.

KIJANA: Na tarehe ya kuzaliwa? Wenzangu wengine walipunguza umri wapate kucheza mpira wa shule.

MZEE: Hao wamejifunga wenyewe. Tazama namba hii katika kadi yangu: ina tarakimu 20, zimegawanywa mafungu manne kwa vistari. Fungu la kwanza lina tarakimu nane, nazo si nyingine ila mwaka, mwezi na siku niliyozaliwa. Basi mwenye kudanganya tarehe hakudanganya mstari mmoja wa fomu. Ameutia uongo ndani ya namba yenyewe, namba atakayoitaja benki, kazini, mahakamani na siku ya kudai mafao ya uzeeni, wala hawezi kuiacha. Fauka ya hayo, kutoa habari za uongo ili usajiliwe ni kosa mbele ya sheria.

KIJANA: Neno la pili ni hivi vidole vyangu. Rafiki yangu alikwenda kusajiliwa, mashine ikakataa kumsoma, maana mikono yetu imelika kwa mawe na nyundo.

MZEE: Lete mkono wako niuone. Ndiyo, kidole gumba kimekuwa laini mno, na hiki cha shahada kina ufa uliopita katikati ya mistari. Hili si aibu, ni alama ya kazi ya halali. Lakini mashine husoma mistari, na mistari ikilika husoma kwa taabu. Pumzika kazi ya mawe siku kadhaa kabla ya kwenda, osha mikono kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ujipake mafuta usiku ngozi ipate kurejea, na asubuhi uifute iwe kavu. Ikikataa mara ya kwanza, usiondoke kwa hasira. Mwambie mhudumu kazi yako, umwombe arudie kwa utulivu kidole kimoja kimoja. Na ikiwa mtu amekatika kidole katika ajali ya machimbo, aseme mapema ili hali yake iandikwe jinsi ilivyo.

KIJANA: Na hao maofisa wa Uhamiaji wanaowahoji waombaji, babu? Nasikia huuliza maswali mpaka mtu akatokwa na jasho.

MZEE: Huuliza, na kuuliza ni haki yao, kwa sababu mkoa wetu una dhahabu, na dhahabu huita watu kutoka mbali, na magharibi yetu iko mipaka ya Rwanda na Burundi, ambako koo zimeoana na kuhamiana tangu kale. Utaulizwa ulizaliwa wapi, wazazi wako walitoka wapi, ulisoma shule gani. Jibu unalolijua, na usilolijua sema hulijui, maana anayetunga nasaba hujikwaa katika swali la pili. Bali nakuusia jambo jingine: mtu kuwa mweusi zaidi au mwembamba zaidi, au kusema Kiswahili kwa lafudhi ya upande ule, si dalili ya ugeni. Mwaka 2014 serikali yetu iliwapa uraia wa tajnisi zaidi ya watu 162,000 waliokuwa wakimbizi wa Burundi tangu mwaka 1972, waliokaa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Hao leo ni Watanzania sawa nawe. Kwa hiyo ukiitwa kumshuhudia jirani, shuhudia ulijualo, wala usimtilie mtu fitina kwa sababu mmegombana juu ya duara au mpaka wa kiwanja.

KIJANA: Baada ya hayo, kadi huja?

MZEE: Kwanza huja namba. Unaweza kuitafuta kwa simu yako, ukapiga *152*00# na kufuata maelekezo. Na ukishaipata, huduma nyingi huipokea namba hiyo hata kadi ikiwa bado haijachapwa. Watu wengi wamekaa na namba muda mrefu pasipo kadi, na malalamiko yao yalikuwa ya haki. Lakini yako makosa ya upande wetu pia: kadi zimechapwa, zimeletwa mpaka katika ofisi za kata na vijiji, na wenyewe hawakwenda kuzichukua, hata mwaka 2025 mamlaka ikatangaza kwamba watakaoarifiwa wasifike, namba zao zitafungwa. Ukiitwa, nenda. Kadi ya kwanza hutolewa bure. Anayekudai fedha ili jina lako litangulie ni mla rushwa, usimpe, bali umripoti. Ukiipoteza, ndipo utakapochukua taarifa ya polisi na kulipia nyingine.

KIJANA: Mama mdogo anayo kadi ya zamani yenye tarehe ya kwisha. Amehofu kwamba haifai tena.

MZEE: Mtoe hofu. Mwaka 2023 serikali iliondoa ukomo huo, na kadi zilizochapwa tarehe ya mwisho zikaruhusiwa kuendelea kutumika. Asidanganywe na mtu wa kumtoza fedha za kuihuisha.

KIJANA: Sasa nieleze matumizi yake, babu, na hatari zake.

MZEE: Wewe mwenyewe umetaja mawili. Leseni ya uchimbaji mdogo imehifadhiwa na Sheria ya Madini ya mwaka 2010 kwa raia wa Tanzania, nayo ni haki kubwa kwa watu wa nchi ya dhahabu. Lakini raia asiyeweza kujithibitisha haki hiyo humpita, akabaki kibarua katika shimo ambalo pengine yeye ndiye aliyelivumbua. Pasi ya kusafiria, namba ya mlipa kodi, kusajili kampuni, kuomba kazi serikalini, yote hayo huanzia katika namba hiyo. Ama laini za simu, unakumbuka Mei 2019 ilipoamriwa zisajiliwe kwa alama za vidole. Watu hawakujali mpaka ilipokaribia Desemba 31, siku ya mwisho iliyowekwa, ndipo misururu ikajaa katika ofisi za NIDA nchi nzima, hata Rais Magufuli, aliyekuwa mtu wa Chato katika mkoa wetu huu, alipokwenda kusajili laini yake huko huko Chato akaongeza siku 20, mpaka Januari 20, 2020.

KIJANA: Nilikuwa mdogo bado. Ndiyo maana nikachukua laini ya mtu.

MZEE: Basi irudishe upesi. Fedha zako ziko katika jina la mwingine, na akikukana huna ushahidi. Naye akishitakiwa kwa tendo ulilolifanya wewe, hana pa kukimbilia. Wale matapeli watumao ujumbe wa kusema ile fedha itume katika namba hii, aghalabu hutumia laini zilizosajiliwa kwa vidole vya wengine, hasa wazee na watu wasiojua kusoma, walioambiwa na wakala wa njiani weka kidole tena, cha kwanza hakikuingia. Siku utakapoweka kidole chako kwa wakala, uliza kila mara kinawekwa kwa ajili gani, kisha piga *106# uone ni namba ngapi za simu zilizoandikwa chini ya namba yako ya NIDA. Ukiona usiyoijua, nenda kwa kampuni ya simu ifutwe.

KIJANA: Na kuweka kadi rehani je? Machimboni ni desturi. Mtu akikopa unga na mafuta dukani kungoja mawe yasagwe katika karasha, mwenye duka huizuia kadi yake.

MZEE: Desturi mbaya, na iachwe. Kadi ni mali ya serikali uliyopewa amana. Huwezi kuweka rehani kisicho mali yako, na mwenye duka hana haki ya kukizuia. Ajali ikitokea duarani na wewe umelala hospitali, watu watakutambuaje na kadi yako iko chini ya pipa la mafuta ya taa? Anayetaka dhamana aandike deni katika daftari mbele ya mashahidi wawili. Kadhalika usiipige picha kadi yako na kuituma kwa kila aombaye kwa simu. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kazi Mei 2023, na iko tume ya kusikiliza malalamiko. Anayezichukua habari zako analazimika kuwa na sababu ya haki na kuzitunza. Haya ndiyo yatakayokifanya kitambulisho kisigeuke kikawa kile kipande alichokichukia babu yako: kwamba mwenyewe ajue kimechukuliwa nini kwake, na kwa ajili gani, na aweze kuhoji.

KIJANA: Nimebaki na swali moja, nalo ndilo linaloniuma. Mama yangu hakusoma, hana cheti, na tarehe yake ya kuzaliwa haijui; anasema tu alizaliwa mwaka wa njaa, kabla ya Uhuru. Kila akienda hurudishwa. Je, yeye si mtu wa nchi hii?

MZEE: Ni mtu wa nchi hii kabla yako wewe na kabla ya kadi zote. Nchi hii ilijengwa na watu wasiokuwa na cheti hata kimoja, na sheria haikukusudia kuwatupa. Mchukue kwa viongozi wa kijiji alichozaliwa, watafute wazee wa rika lake waliomjua toka utotoni, waandike kwa majina yao kwamba wanamjua yeye na wazazi wake. Aape kiapo cha kuzaliwa mahakamani. Aombe RITA cheti cha waliochelewa kusajiliwa. Na kadi yake ya kura, ikiwapo, iambatishwe. Mwaka ukadiriwe kwa insafu, kwa mambo yanayojulikana na wengi, si kwa kubahatisha. Kisha wewe mwanawe uende naye, usimwache asimame peke yake dirishani, kwani anayerudishwa mara tatu pasipo wa kumsemea hukata tamaa, na akikata tamaa hukosa pensheni ya marehemu mumewe, hukosa kufungua akaunti, na hukosa hata kuandikisha shamba alilolilima miaka arobaini.

KIJANA: Kumbe kazi si ya mama peke yake.

MZEE: Wala si ya serikali peke yake. Serikali ina wajibu wa kufungua ofisi, kuchapa kadi kwa wakati na kuzuia rushwa, na ikizembea tuiambie bila ya woga. Lakini hakuna mashine inayojua kwamba mwanamke huyu alizaliwa katika kijiji hiki. Jambo hilo hujulikana na majirani, na majirani wasiposema, haki yake hupotea. Basi asubuhi nenda ofisini kwa NIDA uchukue fomu mbili, yako na ya mama yako. Zile hati zako zenye majina matatu zilete hapa kwanza tuzisome pamoja, na kiapo cha mama nitakuandikia mwenyewe rasimu yake uipeleke kwa hakimu, maana kazi hiyo niliifanya maisha yangu yote na mkono haujaisahau.